Mwisho wa Hadithi ya Zamda

Khatibu Lwambo alikuwa ameandika riwaya themanini, na kila Jumamosi gazeti la mji lilichapa sehemu ya hadithi yake mpya. Asubuhi moja mwanamke asiyemjua alimkuta mezani akiandika.

"Mama yangu ni mahututi, Jumamosi hataiona," alisema. "Anataka kujua kama Zamda wa hadithi yako atamrudia mumewe."

Khatibu mwenyewe alikuwa bado hajui. Hata hivyo aliweka kalamu chini, akafuatana naye hadi kwao.

Kitandani alilala bibi aliyekonda sana, macho makavu.

"Atarudi, mama," Khatibu alimwambia. "Na mumewe atampokea kwa furaha."

Bibi alitikisa kichwa. "Mwanangu, zote themanini nimezisoma. Kila mara wanarudiana. Mimi niliondoka kama Zamda, na sikurudi. Niambie kweli."

Miaka yote hiyo Khatibu aliwapa watu walichokitaka, akidhani anawatendea hisani. Alivuta kigoda, akakaa.

"Zamda alifika mlangoni," alianza polepole, bila kujua neno litakalofuata.

Bibi alimshika mkono, akafumba macho, akasubiri mlango ufunguliwe.