Nywele za Mjukuu

Sheria inasema madini yaliyomo kwenye maji machafu ya kiwanda cha ngozi ni mali ya kiwanda, popote yatakapokwenda. Bondeni kwetu tunamwagilia mchicha kwa maji hayo, maana mengine hakuna. Basi hata mizizi yake na majivu ya jikoni, kwa kuwa yana madini hayo, tunawarudishia wenye kiwanda. Tumezoea. Lakini siku ya arobaini ya mjukuu wangu, nimemaliza tu kumnyoa, afisa wa kiwanda akaingia uani na kipimo cha madini mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nimefuata nywele."

"Marahaba. Nywele za mtoto zinazikwa chini ya mgomba, kama za mama yake."

"Zina madini, bibi. Ni yetu."

Binti yangu Mwanamvua akamkumbatia mwanawe. Mimi nikacheka kwa hasira.

"Mchicha ulipokauka mlisema si maji yenu. Udongo ulipofanya ukoko mweupe, si maji yenu. Leo kwenye kichwa cha mtoto ndipo mmeyatambua?"

Afisa alisogeza kipimo kwenye nywele, kikalia. Nikampokonya, nikamwelekezea yeye kichwani.

Kikalia kwa nguvu zaidi.

Alivua kofia taratibu, akajipapasa kichwa. "Mimi mboga nanunua sokoni," akasema kwa sauti ndogo.

"Na huko sokoni zinatoka wapi, mwanangu?"

Nikamsogezea kigoda, nikalowesha wembe.

"Za mtoto zinabaki hapa. Kaa nikunyoe, ukawapelekee zako."