Mama Amekosea Tena

"Huyu ndiye sista mkuu wa wodi," mama alikuwa ameandika chini ya picha aliyoiweka mtandaoni. "Zamani akiona sindano anakimbilia uvunguni, na uvungu unalowa."

Kwenye picha, mtoto mdogo, kamasi zimefika mdomoni, anavutwa mguu kutoka chini ya kitanda.

Sista mkuu mwenyewe, aliyepewa cheo juzijuzi, aliisoma akiwa zamu, akaganda katikati ya wodi. Cheo kile kiligombewa. Walikuwapo manesi wa umri wa kumzaa, wanangoja ateleze tu. Sasa mama yake mzazi ndiye kawakatia fimbo ya kumchapia.

Nesi mmoja alikuwa anatabasamu dirishani.

"Unacheka nini?"

"Mgonjwa wa kitanda cha mwisho, sista. Anasema chai yetu na majani hawajawahi kuonana."

Hakumwamini. Kutwa nzima hakuna aliyemtajia ile picha, na ukimya huo ulimkera kuliko kicheko. Ni ukimya wa watu walioshiba kucheka.

Alipotoka zamu hakupitia kwake. Alipanda basi, akashuka, akapanda jingine, moja kwa moja hadi kwa mama.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu amnunulie mama ile simu, ni kosa juu ya kosa. Siku moja mama aliandika jina la bintiye peke yake, ati alikuwa anamtafuta, likashinda ukurasani kama tangazo la msiba. Akaja kuposti habari za tumbo lake kuharisha, maneno ya kunong'onezwa mtu sikioni. Kisha akarusha mubashara dari la sebule, muda mrefu, huku sauti yake ikimweleza jirani kwamba bintiye hapati mume kwa sababu ya ukali. Kila mara binti alifunga safari, akafuta, akafundisha, akaondoka. Na huyu ni mama aliyemaliza ujana wake akiwa opereta wa simu, akiunganisha laini za ofisi nzima, asimpeleke mtu kwa asiyemtaka. Uzee hauna huruma, binti alijiambia.

Mlango ulikuwa wazi. Mezani palikuwa na birika na vikombe viwili.

"Shikamoo, mama. Lete simu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, miguu ipumue."

"Sijaja kukaa. Nimekwambia mara ngapi? Ukibonyeza pale, unaionyesha dunia nzima."

"Dunia nzima ina shida gani na mkojo wa zamani? Nani hakukojoa?"

"Mama, mimi naongoza watu."

"Si ndivyo nilivyoandika? Sista mkuu. Au nimekosea cheo?"

"Nikiwaambia wafanye kazi wataniangalia usoni, waone uvungu. Nitawaongozaje?"

Mama aliinamisha macho, akamkabidhi simu. "Basi nifundishe tena, taratibu. Kichwa changu siku hizi ni chujio."

Akachukua birika, akaenda jikoni kulipasha, ingawa lilikuwa bado linafuka moshi.

Binti aliketi ukingoni mwa kiti, akaifungua ile picha. Laiki hakuna. Komenti hakuna hata moja. Wanafiki wakubwa, aliwaza, wanachungulia na kupita. Akawa anatafuta pa kufutia, kidole kikateleza na kugusa alama ndogo chini ya jina la mama, ambayo hakuwahi kuijali. Pakafunguka mahali panapoonyesha nani ameruhusiwa kuiona.

Jina lilikuwa moja tu. Lake.

Akarudi nyuma, akaingia kwenye kapu la posti alizowahi kuzifuta. Akafungua ile ya dari. Ile ya tumbo. Lile jina tupu. Kote kulichaguliwa mtu mmoja, naye ni yule yule.

"Imekubali kufutika?" mama aliuliza kutoka jikoni.

Binti alivua viatu vya kazi, akavisukuma chini ya kiti.

"Bado, mama," alisema. "Hii ya leo imekaa vibaya. Itabidi nilale hapa hapa."