Friza ya Kufundishia

Maji yalikuwa yakivuja kutoka kwenye friza ya utafiti iliyoharibika na kumlowesha Profesa Kuwabara viatu. Ndani ilikuwa ikiyeyuka minofu ya samaki wa Ziwa Biwa, Japani, makusanyo ya miaka kumi na tisa.

Friza ya pembeni ilinguruma, mpya, tupu, ina kibandiko cha kijani mlangoni: YA KUFUNDISHIA TU.

"Samahani sana, Mwalimu," ofisa wa fedha wa chuo aliinama. "Hii imenunuliwa kwa fungu la fedha za kufundishia. Wakaguzi wa wizara wakikuta utafiti humu, fungu lote litarudi serikalini. Ya utafiti ombeni mwezi wa nne, mwaka mpya wa fedha ukianza."

"Mwezi wa nne samaki wangu watakuwa mbolea!"

"Naelewa, Mwalimu. Ila kanuni ni kanuni." Akainama zaidi.

Ukucha wa Kuwabara ulishaanza kubandua ncha ya kibandiko. Akasita. Akakisoma tena, polepole, kisha akakikandamiza kwa kiganja hadi kikashika vizuri.

Akatoa kichwa kwenye korido. "Mwaka wa kwanza! Njooni nyote, kuna kipindi!"

"Kipindi gani tena, Mwalimu?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Kuhamisha sampuli kabla hazijaoza. Vaeni glavu!"

Akamgeukia ofisa, akamtia daftari mkononi. "Na wewe acha kuinama. Andika mahudhurio."