Kijiko na Glasi

Mlio ule aliurekodi mwenyewe jikoni, akigonga glasi kwa kijiko: mara mbili, kimya, mara mbili. Alitaka sauti yoyote ya kujaribia programu yake ya kuunganisha simu kwa intaneti. Akaongeza na amri ya muda tu, aje kuifuta baadaye: simu zikizidi elfu moja kwa mpigo, anayepiga asikie mlio tu, simu yenyewe isipelekwe popote. Enzi hizo hata simu kumi zilikuwa ndoto. Baadaye akaiweka programu mtandaoni, anayeitaka aichukue bure, na ile amri ikamtoka kichwani.

Mchana huu moshi wa kiwanda kilicholipuka ulikuwa umefunika mtaa mzima. Mumewe alikaa sakafuni, kichwa cha mama yake mapajani, simu sikioni. Mama mkwe alikuwa akivuta pumzi kwa kukoroma, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Watu wa ambulensi wanasemaje?"

"Inaita tu, hawapokei. Dakika ya sita hii."

"Kata, piga tena."

"Nikate nirudi mwisho wa foleni? Shika wewe, nimgeuze mama."

Akaiweka simu sikioni.

Glasi. Glasi. Kimya. Glasi. Glasi.

Kumbe watu wa ambulensi nao waliichukua programu yake. Hata alivyovuta kamasi siku ile ya kurekodi, akiwa na mafua, ilisikika.

"Bado inaita?" mumewe akauliza, macho yamejaa matumaini.

Ng'ambo ya ukuta, jirani alikuwa akimbembeleza mtu: "Vumilia, mwanangu. Inaita."