Difu Inayongoja Mkono

Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa siku Sikudhani, mvutaji wa magari yanayokwama kwenye tope la bondeni, alipoletewa difu mbili za gari lake, gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, achague moja.

"Hii inajifunga yenyewe tairi moja likianza kuteleza, yote mawili yazunguke pamoja," alisema fundi Mbwambo. "Hii nyingine inangoja wewe uvute kishikio. Ukichelewa, shauri yako."

Masika iliyopita tairi moja la gari lake lilizunguka bure, jingine likatulia kama limelala. Kamba ikakatika, na lori alilokuwa akilivuta likarudi nyuma taratibu, likiteremkia mtoni, dereva wake akipunga mkono dirishani. Mpaka leo Sikudhani hakujua kama yule mtu alikuwa akiita au akiaga.

"Nifungie inayongoja. Safari hii nataka niwe mimi ninayeamua."

"Dada, mkono husahau."

"Wangu hausahau, fundi."

Alikichukua kishikio, kikiwa bado hakijaunganishwa na chochote, akakivuta polepole mpaka mwisho. Nje, tone la kwanza liligonga bati. Mbwambo alipoinua macho, aliukuta mkono wa pili wa Sikudhani uko juu, ukipunga kuelekea bondeni.