Maziko ya Mgomba

Picha za zamani za mji zilitandazwa mezani ukumbini, na wazee waliitwa wataje majina ya waliomo, yaandikwe nyuma yasipotee. Bi Tulinagwe akapewa picha ya maziko ya mume wake wa kwanza, Ambwene. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mwili haukupatikana, wakazika mgomba badala yake kama desturi ilivyotaka.

"Aliyeshika msalaba ni shemeji," alisema. "Huyu mchungaji. Huyu mimi, nimejifunika khanga."

"Na huyu wa nyuma kabisa, bibi, aliyejificha kwa kofia?" aliuliza binti mwenye kalamu.

Bi Tulinagwe akaisogeza picha karibu na macho. Bega moja la mtu yule lilikuwa limeshuka. Bega lile alikuwa akilikanda kwa mafuta kila jioni, Ambwene akitoka shimoni. Kumbe alikuja, akatazama anavyozikwa, akaenda zake.

"Kuna nini, mama watoto?" Lusekelo, mumewe wa sasa, aliinama naye atazame.

Haraka Bi Tulinagwe akaifunika kofia ile kwa kidole gumba. "Mpita njia tu."

Binti akaandika. Kisha akanyoosha mkono arudishiwe picha, akangoja, na kidole hakikuinuka.