Kola ya Marehemu Godefroid

Marehemu Godefroid alivuliwa tai saa tatu asubuhi, miaka ishirini na mmoja baada ya kuzikwa. Aliyemvua ni Kapya, msichana wa miaka kumi na saba, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya sanaa, yaani kama angeipata.

"Ile iko mutihani," Papa Casimir alikuwa amemwambia, akimkabidhi picha ya marehemu na kiti cha miguu mitatu na nusu. "Umuvalishe abakosti. Kravati isionekane hata kidogo."

Lubumbashi ya siku zile, tai ilikuwa vazi la kikoloni, imekatazwa. Mwanamume mwenye heshima alivaa abakosti, koti la kola fupi lililofungwa hadi kooni, hata Oktoba, hata akikaribia kuzimia. Walio hai walijibadilisha wenyewe. Wafu walitegemea Studio Milele, pale katikati ya jiji, ambako Papa Casimir aliwapaka abakosti juu ya picha zao za zamani kwa rangi ya mafuta.

"Rangi yangu," alipenda kusema, "Yesu akirudi ataikuta."

Kapya hakuwa na rangi ya mafuta. Alikuwa na kikopo chake, siri aliyoibuni bwenini kwa masista: wanga wa muhogo, masizi ya sufuria na tone la buluu ya kufulia. Kwa mchanganyiko huo aliwapa masharubu maaskofu wote saba waliotundikwa ukutani, kila mmoja katika fremu yake, katika chumba cha kulia, kila Jumapili kabla ya chakula, kisha akawanyoa kwa kitambaa cha maji kabla ya kengele. Maaskofu hawakulalamika hata siku moja. Jumapili moja kengele iliwahi, na Kapya akarudishwa kwao, mtaa wa Annexe, na sanduku lake na barua ndefu.

Baba yake, Constantin, aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akatoa hukumu: awe na kazi kabla ya Jumatano, au apande lori la Kasomeno, kwa shangazi yake.

"Kwa sababu unapenda muhogo," alisema, "utaenda kuulima."

Kwa hiyo Jumanne ile Kapya alipaka kama mtu anayeomba rehema. Alipaka kola, vifungo, na hata mkunjo mdogo kifuani, kwa kuwa Godefroid alikuwa mnene. Papa Casimir aliichunguza picha kwa miwani, kisha bila miwani.

"Iko muzuri," alikiri, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu.

Mjane, Mama Régine, alifika kabla ya adhuhuri. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuposa binti yake, na mjomba wa kijana alikuwa mtu mkubwa wa Chama, kile kimoja tu kilichoruhusiwa nchini, kilekile kilichokataza tai. Baba wa binti alipaswa kuwapo ukutani, tena amevaa vizuri.

Aliishika picha kwa mikono miwili. "Iko yeye kabisa," alisema.

Kisha akaona chembe ya vumbi kwenye kidevu cha mumewe. Kidevu kile alikuwa amekipangusa kabla ya kila misa kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yao, na namna ilikuwa moja tu. Alilowesha ncha ya kitenge kwa ulimi, akapangusa.

Kidevu kilitakata. Kola ikaondoka. Mama Régine alipangusa mara mbili zaidi, kwa mshangao, na tai ikarudi yote, na mistari yake, imefungwa vizuri.

"Ameikataa," alisema hatimaye. "Godefroid alikuwa muntu wa kichwa nguvu."

Aliifunga picha katika kitenge, uso chini, akaondoka.

Papa Casimir alimnyang'anya Kapya brashi kwa vidole viwili. "Abakosti ya kutoka kwa mate. Mutoto, unataka banifunge?"

"Naweza kuipaka tena, Papa."

"Enda."

Alasiri, Kapya akirudi nyumbani kwa miguu, redio za baa zote zilikuwa zikisema kwa sauti moja, ya Rais, na wanywaji walikuwa wamesimama. Chama hakikuwa tena peke yake nchini. Na aliyetaka kuvaa tai, avae.

Nyumbani baba yake aliisikiliza habari mpaka mwisho, akazima redio.

"Ile ni mambo ya Kinshasa," alisema. "Lori ya Kasomeno inaondoka saa moja."

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kapya alikuwa amekalia sanduku lake mlangoni Papa Casimir alipotokea kwa baiskeli. Alikuwa amevaa abakosti, imefungwa hadi kooni, inatiririka jasho. Nyuma alikuwa amefunga katoni iliyojaa picha.

"Ndugu yangu," alimwambia Constantin, "uniachie uyu mutoto. Bantu banajaa kwa mulango yangu. Bote banataka kravati ya bapapa yabo irudie."

"Si uwatolee abakosti?" Constantin aliuliza.

"Yangu haitokake. Nilijaribu na petroli, nikajaribu na wembe. Nimepoteza muntu mumoja mupaka kwa masikio."

"Basi tupake tai juu ya abakosti," alisema Kapya, kwa adabu yote aliyofundishwa na masista. "Kwa rangi yako, Papa. Ile Yesu ataikuta."

Papa Casimir alitazama barabara, upande huu na upande ule. Akaingia ndani, akarudisha mlango nyuma yake, akashusha sauti.

"Hapana, mutoto," alisema. "Mama Régine amezungumuza mu mutaa yote. Bantu banasema kravati, ndiyo. Lakini Kinshasa inaweza kugeuka tena; banaomba ile yako, ya kutoka kwa mate."